85 kwa 0: Michigan hawakuiua Chicago

Hii ni stori ya Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, kilivyofuta timu yake ya mpira wa Kimarekani mwaka 1939 baada ya msimu waliofungwa 85 kwa 0 na Michigan. Ila tuanzie 1934, sio 1939. Wengi wakisimulia hii stori wanaanzia kwenye kipigo, na ukianzia kwenye kipigo lazima utaishia kuwacheka vijana wa watu. Oktoba 13, 1934 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwatandika Michigan 27 kwa 0. Ndio, Michigan hawahawa. Kwenye kikosi cha Michigan siku hiyo alikuwepo kijana anaitwa Gerald Ford, yule yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akajitupa kumwangusha nyota wa Chicago Jay Berwanger, akaamka amechanika chini ya jicho na lile kovu kazeeka nalo. Kocha wa Chicago alikuwa Clark Shaughnessy.

Miaka 5 baadaye, Oktoba 21, 1939, vyuo vilevile, na kwenye benchi la Chicago kakaa Shaughnessy yuleyule. Michigan 85, Chicago 0.

Kwa asiyefuatilia huu mpira wao wa yai, wa kubeba mkononi, hesabu yake iko hivi: ukivuka mstari wa mwisho na mpira unapata pointi 6, halafu ukipiga shuti la nyongeza likapita katikati ya nguzo unaongezewa 1. Kwahiyo 85 maana yake ni kuvukwa kama mara 12 hivi ndani ya dakika 60, yaani kila baada ya dakika 5 mtu anakupita anaenda kushangilia huko nyuma yako. Sio mechi tena hiyo.

Ila kabla hatujacheka naomba tuangalie msimu mzima, maana ratiba yao ya 1939 inasema mambo mengi kuliko hiyo mechi moja. Walianza na Beloit, kachuo kadogo ka Wisconsin, wakafungwa 6-0. Wakaja Wabash kutoka Indiana, Chicago wakashinda 12-2. Halafu Harvard, 61-0. Michigan, 85-0. Virginia, 47-0. Ohio State, 61-0. Kisha Oberlin kutoka Ohio, Chicago wakashinda 25-0. Wakamalizia na Illinois, 46-0. Mechi 8, wameshinda 2 wamefungwa 6. Walifunga pointi 37 wakafungwa 308, na hizo 37 zote zimetoka kwa Wabash na Oberlin, mechi nyingine 6 hawakupata hata pointi moja ya kuwaonea huruma.

Sasa isome tena hiyo ratiba taratibu. Hapo kuna timu mbili ndani ya jezi moja. Kuna timu inayocheza na Beloit, Wabash na Oberlin, inashinda 2 inapoteza 1 kwa tofauti ya pointi 6, timu ya kawaida kabisa ambayo hakuna mtu angeikumbuka leo. Na kuna timu inayopelekwa kwa Michigan na Ohio State kama kuku wa kitoweo. Vijana ni walewale, kocha ni yuleyule, wiki tu ndio imebadilika. Kwahiyo ukiniambia tatizo lilikuwa wachezaji hawajui mpira, nakuuliza hawajui ukilinganisha na nani?

Kuna maelezo mawili yanayopendwa kuhusu ule msimu na mimi yote mawili yananikera. La kwanza ni la kejeli, kwamba hawa walikuwa wasoma vitabu, macho manne, wameenda kucheza na wanaume. La pili ni la kishujaa, kwamba mkuu wa chuo Robert Maynard Hutchins alikuwa mtu wa misimamo, akaamua elimu kwanza, akaufuta mpira na dunia ikashangaa. Hili la pili ndio baya zaidi kwasababu limevaa suti na watu wenye akili wanalimeza.

Turudi nyuma kidogo. Chicago haikuwa timu ya mchangani. Chuo kilifungua milango 1892 kwa hela za Rockefeller, na mkuu wake wa kwanza William Rainey Harper akamchukua Amos Alonzo Stagg, aliyekuwa mwanafunzi wake Yale, akampa mpira na akampa na cheo cha uprofesa mshiriki, kitu ambacho enzi hizo kwa kocha hakikuwepo. Harper alijua anachofanya. Chuo kipya hakina jina, hakina wahitimu, wala historia ya kujivunia, na njia ya haraka ya kuingia magazetini ni timu inayoshinda. Stagg akakaa miaka 41. Akaleta ubingwa wa Big Ten, ile ligi ya vyuo vikubwa waliyokuwemo na Michigan, mara 7, wa mwisho 1924. Mwaka 1905 waliwafunga Michigan 2 kwa 0, matokeo ya ajabu hayo, pointi mbili tu, lakini zilikatisha mlolongo wa mechi 56 ambazo Michigan walikuwa hawajafungwa. Lile jina la Mazimwi ya Midway ambalo leo linajulikana kama la Chicago Bears wa ligi ya kulipwa, lilikuwa la hawa wanafunzi kwanza. Bears walilirithi tu, kama mtu anavyorithi koti la marehemu.

Halafu 1929 akaja Hutchins, miaka 30 tu, kijana anayeongea kama wembe. Stagg alipofika 70 akaambiwa umri wa kustaafu umefika baba, na msimu wa 1932 ukawa wake wa mwisho pale. Mzee hakutaka kustaafu hata kidogo, akaondoka zake California kufundisha chuo kidogo cha College of the Pacific. Na hapa kuna kipande ambacho sijui kwanini watu hawakisemi sana: Novemba 1938 mzee akarudi na hicho chuo chake, kwenye uwanja wenye jina lake mwenyewe, Stagg Field, akawafunga Chicago 32 kwa 0. Ana miaka 76. Ukitaka kujua Chicago ilikuwa imeshafika wapi mwaka mmoja kabla ya 85, ni hapo.

Tatizo lilipoanzia ni hapa sasa. Hutchins alibadilisha chuo kwelikweli, ule mfumo mpya wa 1931 ulileta mitihani mikubwa ya jumla ambayo hakuna kocha wa kukuombea, ama umeelewa ama hujaelewa. Kozi laini ya kujifichia mchezaji hakukuwa nayo. Skolashipu ya mpira hakuna, kutafutiwa kibarua cha kulinda mlango ambao haupo hakuna. Hayo yote mimi nayaunga mkono, tena kwa mikono miwili, kwasababu enzi zile vyuo vya Marekani vilikuwa vimejaa mamluki, ripoti ya taasisi ya Carnegie ya 1929 iliwachunguza vyuo zaidi ya 100 ikakuta vingi sana vinawalipa wachezaji kwa njia moja au nyingine huku viongozi wakijifanya hawajui. Chicago wakakataa huo mchezo. Safi.

Lakini ratiba hawakuibadilisha. Hapo ndipo ninapogombana na mashabiki wa Hutchins. Umeondoa kila kitu kinacholisha timu ya Big Ten, halafu timu umeiacha ndani ya Big Ten. Umeuza ng'ombe wote ila bado unashangaa kibuyu hakina maziwa. Kila vuli vijana wanapelekwa kucheza na watu ambao kazi yao ya msingi chuoni ni mpira, wao wenyewe wametoka maktaba saa 10 jioni, halafu Jumapili gazeti linaandika Chicago aibu tupu.

Angalia rekodi za Shaughnessy mwaka kwa mwaka. 1933 alishinda 3, akafungwa 3, sare 2. 1934 akashinda 4 akafungwa 4. 1935 vilevile 4 kwa 4, na huo ndio mwaka Berwanger alipopewa tuzo ambayo leo inaitwa Heisman, wa kwanza kabisa kuipata, na baada ya hapo akawa wa kwanza kuchaguliwa kwenye mgao wa kwanza wa wachezaji wa ligi ya kulipwa, na hakwenda, alitafuta kazi nyingine. Yaani una mchezaji bora wa nchi nzima na bado unamaliza nusu kwa nusu, ujue waliomzunguka ni wachache. Alipoondoka tu, 1936 wakashinda 2, 1937 wakashinda 1, 1938 wakashinda 1. Halafu 1939 wakashinda 2.

Umeona? Kwa idadi ya ushindi, 1939 haukuwa mwaka mbaya kuliko yote, 1937 na 1938 ulikuwa mbaya zaidi. Sasa kama hoja ni kwamba mpira hauna nafasi chuoni, mbona haukufutwa 1937? Mbona haukufutwa 1934 walipowafunga Michigan, pale ambapo kufuta kungekuwa ni msimamo kweli? Jibu liko wazi, timu ikiwa na Berwanger hakuna mkuu wa chuo anayeweza kusimama mbele ya wadhamini (ile bodi inayomiliki maamuzi ya chuo) na wahitimu wenye hela akasema tunafunga. Namba zilihitajika ziwe mbaya kiasi ambacho hata mhitimu mwenye kelele nyingi ananyamaza. 85 ni namba hiyo. 61 mara mbili ni namba hiyo.

Sisemi kwamba Hutchins alipanga vijana wapigwe, hapana, hilo ni kumwonea. Nasema aliwaacha. Kuna tofauti lakini kwa kijana aliyelala chini Michigan wanampita juu kwa mara ya kumi sidhani kama anaiona hiyo tofauti.

Hebu sasa tulinganishe na Michigan wenyewe kwasababu watu wanasahau. Michigan 1934 walishinda mechi 1 wakafungwa 7. 1936 tena, 1 kwa 7. Mwaka huo wa 1936 Chicago walikuwa na rekodi nzuri kuliko Michigan! Yaani hivi vyuo viwili vilikuwa vinazama pamoja, mto mmoja, maji yaleyale. Tofauti ni kilichofuata. Michigan baada ya msimu wa 1937 wakamtimua kocha, wakamleta Fritz Crisler. Na Crisler ni nani? Ni mtoto wa Chicago. Alisoma Chicago, alicheza chini ya Stagg, akawa msaidizi wa Stagg mpaka 1930. Kile kichapo cha 85 kilipikwa na mtu aliyejifunzia kupika kwenye jiko la Chicago. Na nyota wao Tom Harmon, aliyekuja kuchukua Heisman 1940, ametokea Gary, Indiana, mji wa viwanda vya chuma ulioko hapo hapo ubavuni mwa Chicago, ziwa moja. Kijana kapita mlangoni kwa Chicago akaenda zake Ann Arbor, mji wa chuo cha Michigan, na wala hashangazi, ungekuwa wewe ungebaki?

Kwa hiyo Michigan walijibu kufungwa kwa kuwekeza, Chicago wakajibu kwa kusubiri. Sisemi njia ya Michigan ndiyo safi. Nasema ilikuwa njia.

Kuna na suala la sheria za mchezo wakati ule, mtu akiangalia kwa macho ya leo hataelewa. Hakukuwa na kikosi cha kushambulia na kikosi cha kuzuia, walewale 11 wanashambulia na walewale wanageuka kuzuia. Na kubadilisha wachezaji kulibanwa, mtu akitoka haruhusiwi kurudi mpaka robo inayofuata, uhuru wa kubadilisha ulikuja 1941. Sasa fikiria timu yenye benchi fupi. Kumtoa aliyechoka ni hasara, na kumwacha nayo ni hasara. Wenye benchi refu wanaingiza damu mpya kila robo, nyie mnaangaliana. Ndio maana magoli ya namna hii yanakuja kwa mafungu, ukishachoka unavukwa mara nne mfululizo kabla hujapata pumzi. Timu ndogo kufungwa na kubwa ni kawaida ila kufikia 85 kunahitaji msaada wa sheria.

Haya, na kocha je? Hii ndio sehemu ninayoipenda. Shaughnessy kamaliza Chicago na jumla ya ushindi 17, kufungwa 34 na sare 4. Mtaani angeitwa gari bovu. Stanford wakamchukua, na Stanford nao walikuwa hoi, 1939 walishinda mechi 1 tu. Wengi wakasema maiti kamfuata maiti. Msimu wa 1940, Stanford wakashinda mechi zote, 10 kwa 10, na Januari 1, 1941 wakachukua Rose Bowl, mechi kubwa ya kufungia msimu, kwa kuwafunga Nebraska 21-13. Alitumia mfumo wa T, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anasimama mgongoni kabisa mwa mtu wa kati anayempa mpira, watu wanazunguka, mpira hujui uko kwa nani. Ule mfumo hakuuokota California. Alikuwa akiufanyia kazi na George Halas wa Chicago Bears wakati yuko Chicago hapo hapo akifungwa kila Jumamosi. Na Desemba 8, 1940 Bears wakaenda Washington kwenye fainali ya ligi ya kulipwa wakiwa na mpango ambao Shaughnessy aliusaidia kuupanga, wakashinda 73 kwa 0. Sabini na tatu! Fainali! Kutoka kufungwa 85 mpaka kushiriki kupika 73 haijapita hata miezi 14.

Kwahiyo kocha hakuwa mbovu. Alikuwa na mchoro wa nyumba nzuri kuliko zote nchini ila hakuwa na matofali. Kichwa kilichokuja kubadilisha mpira wa Marekani kilikuwa kwenye ile benchi siku ile ya 85, na hakuna kitu kingeweza kufanya, na hilo peke yake lingetosha kumaliza ubishi wa nani wa kulaumiwa.

Desemba 21, 1939 wadhamini wakapiga muhuri, mpira umefutwa. Januari Hutchins akawakusanya wanafunzi akawaeleza kwamba mpira umekuwa kikwazo kwa elimu nchini na ni jambo jema chuo kimoja kikubwa kikathubutu kuachana nao. Maneno mazuri, anajua kuongea yule bwana. Ila mwaka mmoja nyuma, Desemba 1938, alikuwa ameandika makala kwenye gazeti la Saturday Evening Post akisema ugonjwa ni hela za mlangoni, na dawa mojawapo aliyopendekeza ni tiketi zishushwe mpaka senti 10 ili mpira urudi kuwa mchezo. Sasa mheshimiwa, uwanja unao, timu unayo, cheo unacho. Si ungejaribu kwako kwanza? Viti zaidi ya elfu 50, vimebaki vinapigwa upepo, shusha bei, waite Wabash, waite Oberlin, cheza na saizi yako uone. Mtu aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wote Marekani kujaribu ile dawa ni yeye, na hakuionja.

Naombwa mara nyingi nikiri kwamba walau alikuwa mkweli kuliko wenzake, na nakiri. Wakuu wengine wa vyuo walikuwa wanajua uozo uleule na wakaendelea kuhesabu tiketi. Kati ya vyuo vikubwa vya ligi ile hakuna aliyemfuata. Chicago wakabaki kwenye Big Ten kwa michezo mingine mpaka 1946 wakajitoa rasmi, na Michigan State ndio baadaye wakajaza lile pengo.

Kuhusu ile habari ya atomiki, naipitia haraka tu maana kila mwandishi anaifanya kuwa dessert. Ndio, Desemba 2, 1942 chini ya majukwaa ya magharibi ya Stagg Field, kwenye chumba cha kuchezea raketi, Enrico Fermi na wenzake waliendesha tanuri la kwanza la nyuklia. Watu wanapenda kusema eti mpira ulikufa ili fizikia izaliwe. Hamna bana. Kile chumba kilikuwa chini ya majukwaa kabla na baada, na wadhamini wa 1939 hawakuwa wanajua lolote kuhusu tanuri. Ni bahati tu ya mahali, isipewe sifa ya kuhalalisha.

Kinachonivutia mimi ni cha baadaye kabisa. Miaka ya 60 wanafunzi wakaanza kutaka mpira urudi, wengine hawataki, 1963 kuna waliokaa chini katikati ya uwanja kuzuia mechi isichezwe, mabishano kweli. Mwaka 1969 mpira ukarudi rasmi. Ukarudi vipi? Bila skolashipu za mpira, bila Michigan, bila Ohio State, mechi na vyuo vya kawaida, wachezaji ni wanafunzi wanaofanya mitihani kama wengine. Miaka 30 imepita ili wafike kwenye jibu ambalo lilikuwa limeandikwa tayari kwenye ratiba ya 1939, mstari wa Wabash na mstari wa Oberlin. Uwanja wa zamani ukavunjwa, sasa hivi hapo pana maktaba ya Regenstein, na timu ikahamia uwanja mwingine uliopewa jina lilelile la Stagg.

Na 2017 kwa upande wa mpira wakajiunga na Midwest Conference, ligi ya vyuo vidogo vya kanda ile. Ukisoma orodha ya wanachama waliowakuta humo, Beloit wamo, walewale waliowafunga 6-0 mechi ya kwanza ya msimu ule.